Dawa ya Nyati Mwenye Waya Mguuni

Mmeniuliza, mmoja baada ya mwingine, kama ni kweli nilikamatwa Kajiado nikiwa na upinde. Ni kweli. Mmeniuliza pia kama mimi, niliyewachosha bwenini kwa mahubiri kuhusu wanyamapori, nilikuwa nimekwenda kuua nyati. Swali hilo halina jibu la neno moja, na kila nikijaribu kulijibu kwa simu mtu hucheka kabla sijafika katikati. Kwa hiyo naandika.

Chanzo kilikuwa ujumbe wa Lemayian. Wengi wenu mnamkumbuka: ndiye aliyelala kitanda cha juu yangu, na ndiye aliyekuwa akibeba kibao cha shabaha nilipoanzisha kikundi cha kulenga mishale pale chuoni. Ujumbe wake ulisema: "Baba amekanyagwa na nyati kwa maji. Amevunjika mbavu. Nyati bado iko. Tunataka mtu wa dawa na ni wewe tu najua. Kuja."

Nililisoma neno dawa jinsi nilivyofundishwa kulisoma. Niliona daktari wa wanyama, bunduki ya sindano, mnyama akilala, akitibiwa au akihamishwa. Nilidhani Lemayian alihitaji mtu aliyesomea mambo hayo wa kuzungumza na maafisa kwa niaba ya familia yake. Nikamjibu: "Nitakuja na dawa."

Kitengela hadi Isinya

Kwa gari dogo safari hii ni ya asubuhi moja. Mimi nilikwenda kwa lori la saruji la jirani yetu Baba Njeri, kwa sababu alikuwa akielekea Namanga na kwa sababu mama yangu humwamini. Mama alinifungia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kwenye kopo la siagi, akaniombea mlangoni huku injini ikinguruma, na Baba Njeri akavua kofia hadi maombi yalipokwisha.

Kabla ya Isinya springi ya nyuma ilivunjika. Tulikaa kivulini mwa lori tukila muthokoi kwa kupokezana kijiko, tukimsubiri fundi aliyesema kwa simu kwamba yuko njiani na ambaye, kwa kelele za kuku zilizosikika nyuma yake, alikuwa bado nyumbani.

"Na unaenda kufanya nini huko kwa Wamaasai?" Baba Njeri aliniuliza.

"Kuna mzee ameumizwa na nyati. Naenda kuwasaidia kupata dawa."

Alicheka hadi kijiko kikamponyoka. "Mkamba na dawa! Hapo wamepata mtu. Si ungeniambia mapema? Niko na jirani pale nyuma ya ploti, anapiga redio mpaka asubuhi. Nipimie kidogo tu."

"Si dawa ya uchawi, Baba Njeri. Ni ya usingizi."

"Hata ya usingizi ni sawa. Alale!"

Nilimweleza kwa kirefu jinsi sindano ile inavyofanya kazi. Alinisikiliza kwa upole, kama mtu anayemsikiliza mtoto akikariri mistari ya Jumapili, kisha akasema, "Sawa, kijana. Lakini wewe ukifika huko, usikatae kuwa Mkamba. Itakusaidia." Nilidhani ni utani tu.

Isinya hadi mjini Kajiado

Fundi alifika, lori likatambaa hadi Kajiado, na tukaagana kando ya barabara. Baba Njeri aliniahidi kunichukua akirudi kama ningekuwa bado hai. Nilikwenda moja kwa moja hadi ofisi inayoshughulikia wanyamapori. Afisa wa zamu alikuwa mtu mwenye heshima.

"Mzee amefariki?"

"Hapana. Amevunjika mbavu."

"Pole sana. Lakini hajafariki."

"Hajafariki."

"Basi tumeisikia. Gari liko nyanjani. Likirudi tutakuja."

Nilikula nyama ya mbuzi na ugali katika hoteli iliyojaa wafanyabiashara wa ng'ombe. Walizungumza Kimaa meza zote, wakanisogezea chumvi na pilipili bila kuniuliza mimi ni nani. Sikuwa nimewahi kuhudumiwa vizuri hivyo huku nikijiona mgeni hivyo. Nilipiga simu ofisini tena kabla sijanawa mikono. Gari lilikuwa bado nyanjani.

Kutoka lami hadi kwao Lemayian

Lemayian alinipokea kwa pikipiki. Tulipita mashamba yaliyozungushiwa nyaya, kisha nyaya zikaisha, kukabaki migunga na vumbi. Njiani hakusema mengi. Mara moja aligeuza kichwa akapaza sauti dhidi ya upepo: "Umekuja nayo?" Nikampigia kelele kwamba inakuja kwa gari. Akatikisa kichwa, sijui alisikia nini.

Baba yake alilazwa kwenye kitanda cha mbao, kifua kimefungwa. Niliinamisha kichwa kama Lemayian alivyonifundisha zamani, naye akaniwekea kiganja utosini. Yeyo, mama yake Lemayian, alinisalimu, akanipa maziwa yenye harufu ya moshi wa kibuyu, na ikaletwa nyama ya mbuzi aliyechinjwa kwa ajili yangu. Niliona fahari. Nilifikiri: watu hawa wanaheshimu elimu.

Tulipokwisha kula, mzee alisema kwa Kiswahili cha polepole, "Sasa, Mkamba. Tuone dawa."

"Dawa iko kwa daktari, Baba. Atakuja na bunduki ya sindano."

Mzee alimtazama mwanawe. Lemayian aliangalia chini. "Mutinda," akasema, "tulikuwa tunamaanisha dawa ya mshale, ile sumu yenu."

"Yetu akina nani?"

"Ya Wakamba. Bro, si wewe ndiye ulikuwa unapiga shabaha chuo nzima ikishangaa? Tukasema upinde unajua, na dawa lazima uko nayo kwenu."

"Kwetu ni Kitengela, Lemayian. Kwetu kuna tangi la maji na duka la M-Pesa."

Yeyo hakuelewa yote, lakini alielewa sauti. Alikusanya mifupa ya yule mbuzi kimya kimya, na sauti ya mifupa kwenye sinia naisikia hadi leo.

Asubuhi walinipeleka kumwona nyati. Alikuwa dume mzee, peke yake, amesimama kwenye kichaka kando ya kisima. Alichechemea. Mguu wa mbele ulikuwa umevimba juu ya kwato, na ndani ya uvimbe niliona kitu kiking'aa: waya wa mtego, umezama nyamani. Hakuweza kufuata kundi wala kwenda mbali na maji, na familia hii haikuwa na maji mengine. Yeyo alikwenda kuteka akigonga mtungi wa plastiki kwa jiwe, ko, ko, ko, hatua kwa hatua, ili mnyama ajue anakuja na aamue mapema. Mzee ndiye aliyekuwa amekwenda bila kugonga.

Nilipiga simu ofisini. Gari lilikuwa bado nyanjani.

Kajiado hadi Namanga

"Mimi leo naenda Namanga," Lemayian alisema. "Kuna Mkamba anauza pinde. Uje ama usikuje."

Nilimweleza sheria. Nilimweleza kwamba nyati aliyejeruhiwa vibaya ni hatari kuliko aliyesimama tu kisimani. Akanijibu, "Basi kuja uchague, ndio asijeruhiwe vibaya. Ukikataa, nitachukua ile nitapata."

Nilikwenda. Niliiambia dhamiri yangu kwamba nakwenda kupunguza madhara, na bado naamini haikuwa uongo mtupu.

Namanga malori yalikuwa yamepanga foleni ya kuvuka mpaka, na wanawake wenye shanga walituzunguka hadi walipomsikia Lemayian akiongea Kimaa, wakamcheka na kutuacha. Kibanda cha Mzee Nzioka kilikuwa nyuma ya foleni hiyo, kimejaa twiga wa mbao, na pinde zimening'inia darini.

"Wakya," alinisalimu kwa Kikamba, baada ya kunitazama usoni mara moja.

"Aa," nikajibu.

"Mwanake, kijana wa kwetu! Chagua, nitakufanyia bei ya nyumbani."

"Tunataka ya kazi," Lemayian alisema.

"Kazi ya ukuta?"

"Ya nyati."

Mzee Nzioka alipunguza sauti ya redio. Lemayian alikuwa tayari ameshika mshale wenye ncha nyeusi, ameuweka mbali na mwili kama mtu aliyeshika nyoka kwa mkia. "Hii iko na dawa?" alinong'ona.

"Hiyo? Hiyo ni rangi ya viatu. Watalii wanapenda ikiwa nyeusi."

Nilicheka. Baada ya siku zote zile nilicheka kwa nguvu, na Lemayian hakucheka. Aliurudisha mshale mahali pake kwa uangalifu uleule. "Bila dawa," aliniuliza, "upinde peke yake unaweza?"

Ningeweza kusema hapana. Mambo yote yangeishia pale. Lakini nilikuwa nimeulizwa swali la kweli na mtu ninayempenda. "Unaweza," nikasema, "kama kila kitu ni sawasawa."

"Basi chagua."

Wa kwanza niliuvuta hadi sikioni kwa vidole viwili, nikaurudisha, kwani ungemkasirisha nyati tu. Wa pili ulikuwa na mti mzuri, lakini palikuwa na ufa mwembamba karibu na mshiko. Mishale ilikuwa ya matete, miepesi kama mswaki. Niliwaeleza kwamba mbavu za nyati ni pana na zimebanana, hazina uwazi kama za ng'ombe. Mshale usiokuwa na dawa hauna budi kuvunja mfupa na kuendelea mbele, na chepesi hakiendelei mbele. Vigumba, yaani vile vyuma vya kichwani, vilikuwa vipana na laini. Nilikikunja kimoja kwa kidole gumba mbele ya mwenye duka.

"Wewe ni Mkamba ama ni mtu wa kupima mizani?" Mzee Nzioka alifoka. "Mwaka huu wote hakuna mtu amenikunjia mali."

"Samahani, Mzee. Lakini hii ni ya kuning'iniza."

Alinitazama, kisha akaingia nyuma ya pazia, akatoka na kitu kirefu kilichofungwa gunia. Ulikuwa upinde wa baba yake. Mti wake ulikuwa mweusi kwa mafuta na mikono ya watu, ugwe wake wa kano umesokotwa bila fundo. Pamoja nao palikuwa na mishale michache ya mti mzito, na vigumba vyembamba, virefu, vilivyofuliwa kutoka springi ya gari. Niliuvuta. Uligoma, kisha ukakubali kidogo kidogo, sawasawa pande zote mbili, hadi mgongo wangu wote ukawa unafanya kazi na mikono haina habari. Nikaushikilia hapo. Sikusikia malori. Nilikuwa na furaha, marafiki zangu, ile furaha safi ya kitu kilichotengenezwa ipasavyo, na nilisema bila kufikiri:

"Huu."

Nilipoushusha, Lemayian alikuwa tayari anamlipa mzee.

"Subiri," nikasema.

"Umeshasema huu."

Namanga na kurudi

Nyuma ya pikipiki niliubeba ndani ya gunia lake. Tuliposimama kula maandazi na chai, nilimwambia kwamba nilikuwa na sababu nzuri ya kukataa kila upinde mbaya, na huu mzuri ndio umeniacha bila sababu ila ile moja ya kweli: kwamba haifai. Alitafuna hadi akamaliza.

"Wewe umesoma nyati," akasema. "Baba yangu hujamsoma."

Nyumbani aliujaribu upinde mbele ya familia. Ulifika nusu, akauachia. Binamu yake akajaribu, hali ileile. Ndipo wote wakanigeukia mimi, na ndipo nilipoelewa nilichokifanya Namanga. Nilidhani nimechagua upinde. Kumbe nilikuwa nimechagua mtu wa kuuvuta.

Asubuhi Yeyo alinipa maziwa, akatemea mate kidogo kiganjani mwake na kunigusa kifuani, kwa baraka. Mzee alinitazama mlangoni nikitoka. Nilikwenda kisimani, Lemayian akinifuata hatua kadhaa nyuma.

Upepo ulikuwa ukinijia usoni. Dume lile lilikuwa limesimama ubavu, likiupumzisha mguu mbaya, na mahali pa moyo, chini, nyuma ya kiwiko cha mguu, palikuwa wazi kama nilivyopachora mara nyingi katika mitihani. Niliweka mshale kwenye ugwe. Kila kitu kilikuwa sawasawa. Nilisimama pale nikijua kwamba hakuna yeyote duniani, wala mwalimu, wala mama, wala rafiki, anayeweza kunisaidia kuamua, na sijawahi kujisikia mpweke kiasi kile.

Nilishusha upinde, nikatoa simu. Yule afisa alipokea.

"Gari liko nyanjani, ndugu."

"Niko na upinde wa kweli," nikamwambia. "Niko mbele ya nyati. Ninaweza kumpiga sasa hivi."

"Wewe ni nani? Uko na nani hapo?"

"Ni Mutinda, niliyekuja ofisini kwenu. Niko peke yangu."

"Usifanye kitu. Tunakuja."

Walikuja kabla jua halijafika utosini. Mbavu za mzee hazikuwa zimelitoa gari mahali popote. Mshale mmoja ulilitoa.

Lemayian alikuwa amesikia yote. Alinijia hadi karibu kabisa. "Umetuuza?"

"Nimesema niko peke yangu. Sijakutaja."

"Sawa," akasema. "Sasa uko peke yako kweli."

Waliushika upinde kwanza, kisha mimi. Afisa aliyenikamata aliujaribu, akapuliza pumzi kwa mshangao. "Huu umechaguliwa na mtu anajua," alimwambia mwenzake. Ilikuwa sifa, na ilinichoma.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye viatu vya mpira. Sindano yake ilipiga bega. Nyati alitembea kidogo, akapiga magoti, akalala. Daktari aliukata waya kwa koleo na kuuvuta polepole, na harufu iliyotoka ilituambia sote kabla yeye hajasema. Sumu ya kidonda ilikuwa imeshapanda. Aliendelea kumhudumia hadi pumzi zilipokwisha, mkono wake shingoni mwa mnyama. Kisha akaagiza mzoga uchomwe, kwa sababu nyama yenye dawa ile haifai kuliwa na mtu wala tai.

Kabla gari halijaondoka nami, mzee aliomba niletwe. Nilisimama mbele ya kitanda chake, afisa akiwa nyuma yangu, moshi ukiingia kwa dirisha. Mzee aliniashiria nisogee.

"Nilisema utakuja nayo," akasema. "Lakini dawa yako, kijana, ina kelele."

Yeyo alicheka, akajifunika mdomo. Afisa akacheka. Mzee mwenyewe alianza kucheka, mbavu zikamkataza. Nilimtafuta Lemayian kwa macho, kwa sababu ni mzaha ambao zamani tungeurudia bwenini kwa muhula mzima. Alikuwa nje, akitazama moto, mgongo wake kwetu.

Kajiado hadi Kitengela

Walinihoji mjini hadi jioni, wakanionya kwa maneno makali ambayo mengi nilikubaliana nayo, wakaniachilia. Upinde ulibaki kwao. Baba Njeri alinikuta kando ya barabara kama alivyoahidi. Alinitazama mara moja, akaninunulia mahindi ya kuchoma, na hadi tulipoziona taa za Kitengela hakuniuliza kuhusu dawa. Namshukuru kwa hilo kuliko anavyojua.

Mnaoniuliza kama nilifanya vyema, sijui. Nyati angekufa kwa waya ule hata hivyo, taratibu, na pengine angemwua mtu kabla. Mshale wangu ungekuwa wa haraka kuliko vyote. Najua tu kwamba nilipoweka mshale kwenye ugwe ule nilitaka kuuachia, na kwamba kumtaka nyati afe vizuri na kutaka kuuachia mshale mzuri ni mambo mawili ambayo mkono hauwezi kuyatenganisha. Kwa hiyo niliushusha.

Nimemwandikia Lemayian. Naona amesoma. Hajibu.

Kama kuna mmoja wenu ambaye bado anampokelea simu, simwombi anitetee. Namwomba amwulize jambo moja tu kwa niaba yangu: kama Yeyo bado anagonga mtungi akienda kuteka maji, au kama siku hizi anakwenda kimya.